Spoku, Geji na Mkingamo: Msamiati wa Gurudumu Lenye Mota

Nomino spoku (ngeli ya I-/ZI-: spoku hii, spoku hizi) hutaja waya wa chuma unaounganisha kitovu cha gurudumu na ringi. Kitenzi kinachoandamana nayo ni kusuka, kama ilivyo kwa ukili au nywele, kwa kuwa spoku nazo hupishana kwa mpangilio maalumu. Katika baiskeli ya umeme ambayo mota yake imo ndani ya kitovu, maneno haya yanahitaji uangalifu mpya. Mazoea yaliyofaa kwenye kitovu chembamba hayafai kwenye kitovu kipana, na gharama ya kuyang'ang'ania ni spoku zinazokatika moja baada ya nyingine.

Neno la kwanza linalopotosha ni geji. Namba ya geji inapopanda, unene hushuka: geji 14 ni milimita 2.0, geji 13 ni milimita 2.3, na geji 12 ni takriban milimita 2.6. Anayeomba "geji kubwa" akitaka spoku nene anaweza kupewa nyembamba. Ni salama zaidi kutaja milimita.

Utata wa pili umo katika kudhani kwamba nene na imara ni visawe. Spoku hufanya kazi kwa kuvutwa, nayo hurefuka kidogo inapokazwa. Urefu huo wa ziada ndio akiba yake: ringi inapobonyea kwa uzito, spoku hunywea bila kulegea. Kwa mkazo uleule, spoku ya milimita 2.6 hurefuka takriban asilimia 60 tu ya ile ya milimita 2.0 yenye urefu sawa. Kwa kuwa spoku za gurudumu la mota ni fupi, akiba hiyo hupungua zaidi. Spoku nene hulegea na kukaza kila mzunguko, nati yake hufunguka, na hatimaye chuma huchoka na kukatika kwenye kiwiko. Kuikaza zaidi si tiba, kwani ringi nyingi hazihimili mkazo huo.

Neno la tatu ni mkingamo, kutokana na kitenzi kingama. Hapa lina maana ya idadi ya spoku za upande uleule ambazo spoku moja hupishana nazo kutoka kitovuni hadi kwenye ringi. Baiskeli ya kawaida yenye spoku 36 husukwa mara nyingi kwa mikingamo mitatu. Ikiwa matundu ya kitovu yako milimita 25 kutoka katikati, na ringi iko milimita 270, spoku hufika kwenye ringi ikiwa na mshazari wa takriban nyuzi 5. Matundu ya kitovu cha mota yakiwa milimita 100 kutoka katikati, mikingamo hiyohiyo mitatu huzaa mshazari wa zaidi ya nyuzi 21. Spoku hulazimika kupinda inapoingia kwenye nati, na hukatikia penye hesi. Mkingamo mmoja hushusha mshazari huo hadi takriban nyuzi 11. Kadiri gurudumu linavyokuwa dogo, ndivyo tofauti hiyo inavyozidi kuwa na uzito.

Je, mkingamo mmoja utahimili nguvu ya mota? Katika mfano huu, spoku ya kitovu chembamba chenye mikingamo mitatu huvuta kwa wenzo wa takriban milimita 23. Ya kitovu cha mota chenye mkingamo mmoja huvuta kwa takriban milimita 51. Upana wa kitovu umekwisha kufanya kazi iliyokuwa ya mikingamo.

Linabaki tatizo la matundu. Vitovu vingi vya mota hutobolewa kwa ajili ya spoku nene, hivyo nyembamba hucheza ndani yake. Dawa ni washa ndogo chini ya kichwa cha spoku, au spoku yenye kiwiko cha milimita 2.3 na mwili wa milimita 2.0.

Kwa hiyo, badala ya kuomba "spoku ngumu", mteja atamke wazi: spoku za milimita 2.0, mkingamo mmoja, pamoja na washa. Fundi akisikia maneno hayo hatakuwa na haja ya kukisia.