Dhahabu ya Kivu Mbele ya Mahakama za Kanada

Kesi ya kashfa, yaani madai kwamba maneno yaliyochapishwa yamemvunjia mtu au kampuni heshima isivyo haki, ni haki inayotambuliwa na sheria za nchi nyingi, na hakuna sababu ya kutaka ifutwe, kwa kuwa jina likichafuliwa kwa uongo mwenyewe hupata hasara ya kweli. Shida huanza pale kampuni yenye mawakili wa kudumu inapomshtaki mwandishi au mwanaharakati ambaye hata akishinda atakuwa amekwisha filisika, maana hapo kinachotafutwa si hukumu bali ni ile miaka ya kuisubiri. George Pring na Penelope Canan wa Chuo Kikuu cha Denver ndio waliozichunguza kesi za namna hii nchini Marekani katika miaka ya 1980 na kuzipambanua na kesi za kawaida.

Kwa wasomaji wa Gisenyi, mfano ulio karibu zaidi unahusu dhahabu ya ng'ambo ya Ziwa Kivu, ingawa mahakama zake zilikuwa Kanada. Mnamo Aprili 2008 Écosociété, wachapishaji wadogo wa Montréal, walitoa kitabu *Noir Canada* cha Alain Deneault, Delphine Abadie na William Sacher, kilichokusanya tuhuma dhidi ya kampuni za Kanada barani Afrika, nyingi zikiwa zimekwisha kutajwa katika ripoti na magazeti. Barrick Gold, iliyomiliki mgodi wa Bulyanhulu wilayani Kahama, Tanzania, ilidai fidia ya dola milioni 6 za Kanada katika jimbo la Quebec. Nayo Banro, iliyokuwa ikiandaa mgodi wa Twangiza huko Kivu Kusini, ilidai milioni 5 katika jimbo la Ontario, ijapokuwa kitabu kiliandikwa kwa Kifaransa na nakala zilizosambazwa Ontario zilikuwa 93 tu.

Uchaguzi huo wa Ontario ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini, kwani uliwalazimu washtakiwa kuweka mawakili katika majimbo mawili, kwa lugha mbili. Walipopinga, hoja moja tu, ya mahakama ipi ina mamlaka ya kusikiliza madai, ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo tarehe 18 Aprili 2012 iliamua kwamba Ontario inayo. Miaka minne ilikuwa imepita, na ukweli au uongo wa maneno ya kitabu haukuwa umeguswa.

Wakati huohuo, mwaka 2009, Quebec ilitunga sheria inayomruhusu jaji kuizuia kesi ya matumizi mabaya au kumwamuru mdai agharimie utetezi wa mdaiwa. Agosti 2011 Jaji Guylène Beaugé, bila kuifuta kesi ya Barrick, aliona ina dalili za matumizi mabaya na akaiamuru kampuni itoe zaidi ya dola 143,000. Miezi miwili baadaye pande hizo zilipatana nje ya mahakama na kitabu kikaacha kuchapishwa. Banro nayo ilipatana na washtakiwa mwaka 2013.

Haki inadai isemwe pia kwamba Barrick ilikanusha tuhuma za Bulyanhulu, zilizohusu kuondolewa kwa wachimbaji wadogo mwaka 1996, kabla haijaununua mgodi huo, na kwamba msuluhishi wa Kundi la Benki ya Dunia hakuona msingi wa tuhuma hizo. Huenda waandishi wangeshindwa. Lakini kupimwa kwa ushahidi hadharani, ambako kungewafaa hata watu wa Luhwindja wanaoishi kando ya Twangiza, ndiko hasa kusikotokea.

Nchini Afrika Kusini nako, tarehe 14 Novemba 2022 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya kampuni ya Mineral Sands Resources dhidi ya wanaharakati na mawakili wa mazingira, ilikubali kwamba mdaiwa anaweza kujitetea kwa kuonyesha kuwa kesi yenyewe ni matumizi mabaya ya mahakama. Nchini Rwanda, sheria ya adhabu ya 2018 iliiondoa kashfa kati ya watu binafsi katika orodha ya makosa ya jinai, hivyo kampuni iliyoudhika Rubavu hufungua kesi ya madai, na mdaiwa akishinda anaweza kuomba arudishiwe gharama. Ila marejesho hayo huja baada ya hukumu, ilhali wakili hudai malipo yake mapema, na kwa sababu hiyo kifungu cha Quebec cha kumtoza mdai kesi ikiwa bado inaendelea kina uzito kuliko fidia yoyote ya baadaye.