Vitabu Vilivyo Chini ya Vitanda

Mwandishi anayekichapisha kitabu chake kwa fedha za mfukoni mwake ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mchana ni mwalimu, au karani, au muuguzi, au fundi. Usiku ndipo aandikapo. Akiba yake ya miaka miwili au mitatu huipeleka kwa mpiga chapa, naye mpiga chapa humrudishia masanduku. Hapo ndipo shida yake ianzapo. Masanduku yale huingizwa chini ya kitanda, unyevu na mchwa vikiyanyemelea, na kila siku ipitayo watoto huuliza yana nini ndani. Kitabu kimekwisha kuandikwa na deni la mpiga chapa limekwisha kulipwa, lakini nje ya mtaa wake hakuna ajuaye kwamba kitabu hicho kipo duniani.

Twataka leo kuizungumza njia moja ambayo waandishi wengi wa namna hii wameikimbilia, nayo ni ule mtandao wa picha uitwao Instagram. Wako wanaousifu kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa, na wako wanaoubeza kwamba ni uwanja wa vijana kuonyeshana viatu. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili hayajautazama vizuri.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba jambo lenyewe si geni kwetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya serikali ya kikoloni, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na washairi wa bara na wa pwani walijibizana humo mwezi baada ya mwezi. Diwani ya Mnyampala ilipotoka mwaka 1963, jina la Mathias Mnyampala lilikuwa limekwisha kuzoeleka kwa wasomaji wa magazeti. Baadaye Ben Mtobwa, ambaye alifariki mwaka 2008, alikuwa mwandishi wa habari na mwandishi wa riwaya kwa pamoja, na hakukaa kungoja hisani ya wachapishaji wakubwa, bali alianzisha kampuni yake mwenyewe ya Heko. Watu hawa walikuwa na wasomaji kwanza, na wanunuzi wakafuata. Mwandishi wa leo aliye na masanduku chini ya kitanda mara nyingi amefuata njia ya kinyume: ameanza kutafuta wanunuzi wa kitabu ambacho hakuna aliyewahi kusoma hata mstari mmoja wa mwenye kukiandika.

Basi tuutazame mtandao wenyewe. Instagram ilianzishwa nchini Marekani mwezi wa Oktoba 2010 na Kevin Systrom pamoja na Mike Krieger. Mwaka 2012 kampuni ya Facebook ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 1, na wakati huo Instagram ilikuwa na wafanyakazi 13 tu. Ndugu msomaji ambaye umewahi kudai nyongeza ya mshahara, hebu itafakari hesabu hiyo kidogo. Dola bilioni 1 hazikuwa bei ya jasho la watu 13. Kilichonunuliwa hasa ni picha za mamilioni ya watu waliokuwa wakizitoa bure kila siku, na macho ya mamilioni wengine waliokuwa wakizitazama. Mwandishi anayeweka picha ya kitabu chake humo na ajue kwamba naye yumo katika hesabu hiyo.

Pamoja na hayo, hapana budi kukiri kwamba wako walionufaika, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Rupi Kaur. Mwanamke huyu alizaliwa Punjab, nchini India, mwaka 1992, akahamia Kanada na wazazi wake angali mtoto. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Waterloo alikuwa akiweka mashairi yake mafupi katika mitandao, chini yake akiongeza michoro ya mistari myembamba aliyoichora kwa mkono wake. Aliandika kwa herufi ndogo tupu na hakutumia alama nyingine ila nukta, kwa heshima ya maandishi ya Gurmukhi ya watu wake, ambayo hayana herufi kubwa na ndogo. Mwezi wa Novemba 2014 aliyakusanya mashairi hayo katika kitabu alichokiita Milk and Honey, akakitoa mwenyewe kwa njia ya CreateSpace, tawi la kampuni ya Amazon lililokuwa likichapa nakala kwa kadiri zilivyoagizwa. Kwa hiyo hakuwa na sanduku hata moja la kuliingiza chini ya kitanda. Mwaka 2015 kampuni ya Andrews McMeel ya Marekani ilikichukua na kukitoa upya, na tangu hapo kimeuzwa kwa mamilioni ya nakala na kufasiriwa katika lugha nyingi.

Wengi wanaoisimulia habari hii husema kwamba Instagram ndiyo iliyokiuza kitabu. Sisi twaona kwamba usemi huo unaficha jambo kubwa kuliko yote. Msomaji wa Kaur hakuonyeshwa kwanza jalada la kitabu, wala hakuambiwa anunue. Alipewa shairi zima, akalisoma papo hapo akiwa katika basi au akingoja chai ichemke, likamgusa au lisimguse. Siku kitabu kilipotoka, mnunuzi alikuwa anajua anachokinunua. Tazama muuza mananasi wa sokoni. Hasimami akiinua nanasi juu na kupiga kelele kwamba ni tamu. Hukata kipande, akakunyoshea kwa ncha ya kisu. Waandishi wetu wengi katika mtandao huu huinua nanasi zima. Leo ni picha ya jalada, kesho ni picha ya jalada pamoja na mwandishi amevaa suti, keshokutwa ni picha ya mwandishi akimkabidhi mheshimiwa fulani nakala ya bure. Miezi sita hupita, na mtu aliyekuwa akizitazama picha zote hizo bado hajui kitabu kinaanzaje.

Itasemwa kwamba shairi la mistari mitano huenea katika picha, lakini riwaya ya kurasa 300 haienei. Ni kweli. Lakini mwenye riwaya anaweza kupiga picha ya aya moja, pale mke anapoiona barua isiyo yake, akakomea hapo. Mwenye kitabu cha ufugaji wa nyuki anaweza kuonyesha mzinga uliohamwa na nyuki, na chini yake akaandika sababu mbili kati ya zile alizozieleza kitabuni. Maelezo yaandikwayo chini ya picha yanaweza kufika herufi 2,200, nayo yatosha kabisa kwa kisa kifupi. Aliyeandika historia ya mji wake na apige picha ya nyumba ile ambayo kila mtu huipita bila kujua ilikuwa ya nani. Na kazi hii haidai studio: ukurasa ukiwekwa karibu na dirisha asubuhi, juu ya mkeka safi, simu ya kawaida huutoa vizuri. Lililo muhimu ni maandishi yasomeke, kwa kuwa mtazamaji ameishika dunia yote katika kioo kisichozidi kiganja chake. Yako majalada mengi yaliyojazwa rangi tano na picha nne ambayo katika kioo hicho huonekana kama kitambaa kilichomwagikiwa mchuzi.

Akina mama wa pwani wangeweza kutufundisha somo hili, maana kanga imelijua zamani. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lililoandikwa. Maua humsimamisha mnunuzi dukani, lakini mara nyingi ni maneno yanayomfanya afungue kibindo. Hakuna muuza kanga aliyefikiri kwamba ataiuza kwa kuikunja jina likaingia ndani.

Hata hivyo tuna wasiwasi mmoja juu ya mfano huu wa Kaur, na hatutauficha. Wahakiki wengi wameyalaumu mashairi yake kwamba ni mepesi, yametungwa yakae katika mraba wa picha. Hatutaingia katika ugomvi huo, kwani waliomsoma ni wengi na wana haki ya kupenda walichokipenda. Lakini mshairi wa Kiswahili mwenye uwezo wa kutunga beti 20 zenye vina na mizani, akianza kukata utungo wake kwa kipimo cha kioo cha simu kwa sababu beti ndefu hazipati alama za kupendwa, atakuwa amemwachia mwenye mtandao kalamu yake. Na aweke ubeti mmoja katika picha. Zile 19 zibaki kitabuni, maana kitabu ndicho anachokiuza.

Tuje sasa katika fedha, maana ndipo wengi wanapopotea. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mtu amechapisha nakala 500 kwa shilingi 5,000 kila moja, yaani ametoa shilingi 2,500,000. Akiuza kila nakala kwa shilingi 12,000, hana budi kuuza nakala 209 ndipo arudishe fedha za mpiga chapa, kabla hajalipia bando, makato ya kutuma fedha na nauli za kwenda na kurudi stendi. Picha yake ikipendwa na watu 1,000 na wanunuzi wakawa 4, amepata shilingi 48,000. Alama 996 zilizobaki haziingii katika daftari la mapato, wala mwenye duka la unga hazikubali.

Tena iko safari ya kitabu chenyewe. Mnunuzi wa Mbeya hutuma fedha kwa simu, mwandishi wa Dar es Salaam hufunga kifurushi, hukipeleka stendi, karani wa basi huandika stakabadhi, na mnunuzi hukichukua kesho yake. Utaratibu huu wafanya kazi, na twausifu, kwa kuwa umeundwa na watu wetu wenyewe bila kungoja posta wala tajiri. Lakini nauli ya kifurushi kimoja ikikaribia nusu ya bei ya kitabu, mnunuzi husita, nasi hatumlaumu. Dawa yake ni kuagiza kwa pamoja. Walimu kumi wa shule moja, au wafanyakazi wa zamu moja kiwandani, wakiagiza nakala kumi katika kifurushi kimoja, nauli hugawanyika hata isiumize. Mwandishi mwenye akili angelisema jambo hili waziwazi chini ya kila picha, pamoja na bei.

Na hapa hatuna budi kukemea desturi moja mbaya. Mtu huweka picha nzuri ya kitabu, watu huuliza bei hadharani, naye hujibu, “Njoo inboksi.” Kwa nini bei ya kitabu iwe siri? Anayeuliza ni mfanyakazi aliyekwisha pima mshahara wake, ataka kujua kama mwezi huu anaweza au hawezi. Kumwita pembeni kunamfanya ashuku kwamba bei hutazama sura ya mtu. Wengi huondoka kimya na hawarudi.

Jambo la mwisho ni la mwenye ardhi. Mwandishi aliyekusanya wafuasi 10,000 katika mtandao huu hudhani kwamba ana wasomaji 10,000, kumbe amepanda katika shamba la mtu mwingine kwa ruhusa yake. Hapo awali picha zilionekana kwa mfuatano wa wakati zilipowekwa. Mwaka 2016 mwenye mtandao akaanza kuzipanga kwa hesabu za mashine zake, na tangu hapo mfuasi anaweza kukaa wiki nzima asiione picha ya mwandishi aliyemfuata kwa hiari. Desemba 2014 akaunti bandia zilifutwa kwa wingi, na waliokuwa wakijivuna kwa idadi walizinduka wamepungua. Machi 2015 huyo huyo Rupi Kaur aliondolewa picha yake moja iliyohusu hedhi, akapiga kelele hadharani, ndipo ikarudishwa na akaombwa radhi. Lakini yeye alikuwa na wa kumsikiliza. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa pamoja kwa muda wa saa sita hivi, na siku hiyo wauzaji wa kila namna waliotegemea mlango huo mmoja walikaa mikono mitupu.

Kwa sababu hiyo kila mwandishi anayejiuzia vitabu awe na daftari lake. Mnunuzi akikubali, jina lake, simu yake na kitabu alichokinunua viandikwe humo, navyo vitunzwe kwa uaminifu, maana Tanzania ina sheria ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi za watu. Kitabu cha pili kitakapotoka, watu 200 walio katika daftari hilo watapata habari siku ile ile, mashine ipende isipende. Kadhalika kitabu kisitolewe bila namba yake ya ISBN, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, ili duka la vitabu au maktaba ikitaka kukiagiza ijue inaagiza nini.

Nanyi wasomaji mna sehemu yenu. Twajua kwamba katika makundi ya simu huzunguka nakala za vitabu vizima zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na anayezituma hujiona amewatendea wenzake wema. Amemtoa mwandishi mshahara wake mdomoni. Kama kitabu kimekupendeza, piga picha ya ukurasa mmoja tu, uuweke katika mtandao wako, na chini yake uandike jina la mwandishi, bei, na namba ya kuagizia. Kisha uwaulize wenzako kazini ni wangapi wanaotaka, ili kifurushi kiwe kimoja.