Hesabu na Lugha ni Ndugu



Ndugu wanafunzi na wazee wetu, kila yanapotoka matokeo ya kidato cha nne, swali moja hurudi madrasani: mtoto aliyefanya vizuri Kiarabu, Kiswahili na Historia, kompyuta na hisabati za nini? Tunakiri kuwa sisi walimu nasi tumewahi kumjibu mtoto kwamba hayo ni ya wenzake wa sayansi. Jibu hilo halikuwa sawa, na leo tunalisahihisha.

Sayansi ya data ni elimu ya kukusanya taarifa nyingi, kuzisafisha, kuzihesabu kwa kompyuta na kufasiri maana yake. Elimu hii imeshatufikia. Taasisi ya IIT Madras ya India ilifungua tawi lake Bweleo, hapa Unguja, mwaka 2023, na kuanza na masomo ya sayansi ya data na akili mnemba. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) nacho kinasomesha Kiswahili na kompyuta.

Mtu wa sanaa ana kazi gani humo? Kompyuta ikiachiwa kuhesabu herufi tu, "anasoma", "hatukusoma" na "wamesomeshwa" ni maneno matatu mbalimbali. Ajuaye viambishi ndiye anayeionyesha kuwa mzizi ni mmoja, -som-. "Skuli" na "shule" itahesabu mawili, na sisi tunajua ni kitu kimoja.

Katika historia ni hivyo hivyo. Tuchukue barua ya zamani yenye mwaka 1317. Asiyejua tarehe zetu ataiandika kuwa ni ya karne ya 14, kumbe ni 1317 Hijria, yaani 1899 hadi 1900 Miladia. Hilo ni kosa la zaidi ya miaka 580, na mashine italijumlisha pamoja na mengine bila ya kushituka.

Wala si jambo geni kwa Waislamu. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya 8 mwenye asili ya Oman, ndiye aliyeasisi arudhi, elimu ya mizani ya mashairi. Katika kamusi yake, Kitab al-Ayn, alizigeuzageuza herufi za kila mzizi: herufi tatu hutoa mipangilio sita, kisha akaeleza ipi Waarabu wanaitumia na ipi hawaitumii. Al-Kindi, katika karne ya 9, alifundisha kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi zinazojirudia. Naye Al-Khwarizmi katika kitabu chake cha aljebra aliweka sehemu kubwa ya hesabu za mirathi. Hakuna kati yao aliyeitenga hesabu na lugha au sheria.

Nasaha yetu kwa wanafunzi: mkichagua sanaa, msiitupe hisabati, hasa takwimu. Na mkichagua kompyuta, msiache Kiarabu wala Kiswahili. Wazee, msimkatishe tamaa mtoto anayetaka vyote viwili. Lugha yetu ikiingizwa katika mashine na wasioijua, wajukuu wetu watasomeshwa makosa.

Tukumbuke pia kuwa taarifa ni amana. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kisha tukajuta. Anayeshika takwimu za watu aanzie hapo.

Wabillahi tawfiq.