Msonobari wa Sumatra: dawa ya mti au kemikali ya kiwandani?

Karibu aina zote za misonobari duniani asili yake ni kaskazini mwa ikweta. Ni Pinus merkusii tu uliovuka mstari huo bila kupandwa na mtu, ukafika kusini katika milima ya Kerinci, kisiwani Sumatra. Leo umetanda pia katika mashamba ya Java, na si kwa ajili ya mbao peke yake. Wagema huchanja gome, utomvu ukachuruzika kikombeni. Kiwandani hupashwa moto, tapentaini ikapaa kama mvuke, ikabaki rosini, donge gumu la rangi ya kaharabu. Tapentaini huyeyusha rangi na vanishi. Rosini huingia kwenye gundi, wino, karatasi, na ule ulimbo ambao fundi simu huchovya chuma chake ndani yake anapolehemu.

Kwa kuwa asili ya utomvu huu ni mti, wengi huudhania hauna madhara. Lakini mti hautoi utomvu kwa ukarimu: hiyo ni silaha ya kuziba jeraha na kuwakabili wadudu na kuvu. Mtu akinywa tapentaini, kiasi kidogo kikipotea njia na kuingia mapafuni huleta nimonia kali, na ile inayofyonzwa tumboni inaweza kuumiza figo na mfumo wa fahamu. Rosini nayo, ikiunguzwa na chuma cha kulehemu, hutoa moshi unaojulikana kitabibu kuwa chanzo cha pumu ya kazini. Aliyekwisha kupata mzio wa moshi huo, hata ukiwa kidogo tu humbana kifua.

Wapo watakaosema kwamba zamani tapentaini ilinywewa kuondoa minyoo. Ni kweli, na hata madaktari wa Ulaya waliiandika. Ila minyoo leo ina vidonge vilivyopimwa, vyenye dozi inayojulikana, kwa hiyo ukale wa tiba hiyo hauna cha kututetea. Hoja nzito zaidi ni kwamba viwanda hutengeneza kafuri ya dawa za kuchua kutokana na tapentaini hiyohiyo. Hapo, hata hivyo, kemia imekwisha kuibadili tapentaini kuwa kitu kingine, na kipimo kimewekwa. Kafuri yenyewe mtoto akiila humtia degedege.

Je, fundi aiache rosini? Kwa asiye na mzio sioni haja, maana hata dawa za kulehemu zisizo na rosini zina moshi wake. Kinachofaa ni feni inayouvuta moshi kando ya uso na kuutoa dirishani. Barakoa ya kitambaa haiuzuii.