Ketamini Huwahi, Je, Hudumu?

Kwa watu wa vyumba vya upasuaji Afrika Mashariki, ketamini si ngeni. Ndiyo nusukaputi ya hospitali ambayo umeme wake hukatika na mashine ya kupumulia haipo, kwa kuwa mgonjwa hulala huku kwa kawaida akiendelea kupumua mwenyewe. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu tangu 1985. Dawa hiyohiyo, kwa dozi ndogo, leo inatangazwa Marekani kuwa tiba ya sonona sugu. Matangazo hayo yanasifia kasi, na kasi kweli ipo. Linalomhusu mgonjwa zaidi, kwa maoni yangu, ni siku ya nane.

Mwaka 2006 Carlos Zarate na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani waliwapa ketamini wagonjwa 17 walioshindwa na dawa za kawaida, zile ambazo huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Siku moja baadaye asilimia 71 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Walioendelea nayo kwa wiki nzima walikuwa asilimia 35. Anayelipia dripu moja akidhani amepona anaisoma nusu ya kwanza tu ya utafiti huo.

Wapo wanaosema nafuu yenyewe ni imani tu, na hawasemi ovyo. Mtu wa kilo 60 hupewa miligramu 30 kwa dripu ya dakika 40. Kabla haijaisha mwili waweza kuonekana si wake, sauti zikaja kutoka mbali. Nani asiyejua kwamba hakupewa maji ya chumvi, yale yanayotolewa kama dawa bandia ya kulinganishia? Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walilikwepa tatizo hilo kwa kuwapa wagonjwa 40 ketamini au maji ya chumvi wakiwa usingizini wakifanyiwa upasuaji. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti ya maana. Sioni kwamba hilo linaizika dawa: huenda nusukaputi nyingine iliuzuia utendaji wake, na arobaini ni wachache. Ila linatuonya kwamba matarajio ni sehemu ya dozi, na kliniki inayouza matarajio inajua inachouza.

Basi nafuu ya siku chache ina faida gani? Kwa anayewaza kujiua, siku chache ni nyingi, mradi zitumike kumpangia matibabu yanayofuata. Wasiwasi wangu uko kwa ketamini ya kutumiwa nyumbani, ambayo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake 2023. Dawa hii hupandisha presha, humvuruga zaidi mwenye saikosisi, na ikitumiwa mara kwa mara kwa wingi huharibu kibofu cha mkojo. Hata kwa dawa ndugu yake ya kupulizia puani, esketamini, iliyoruhusiwa huko 2019, mgonjwa huangaliwa kwa saa mbili angalau, na haendeshi gari mpaka kesho yake baada ya kulala vizuri.

Kwa hiyo ukipendekezewa ketamini, usiache dawa zako kienyeji, mweleze daktari historia ya presha na ya akili, na kabla ya kutia saini muulize nani atakupima wakati dripu inaingia, nani atakurudisha nyumbani, na wiki ijayo utatibiwa kwa njia gani.