Bluzi nyeupe ya Kamina ni bei gani?

Mzazi wa Kamina, mkoani Haut-Lomami nchini Kongo, anayetaka mtoto wake asomee uuguzi huanza na minerval, yaani ada ya shule. Ataulizia shule hii na ile, ataomba alipe kwa mafungu, na akishatajiwa bei ataona hesabu imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Njia zinazojulikana ni mbili. Kuna ITM (Institut Technique Médical), ya ngazi ya sekondari: mtoto anaingia akiwa amemaliza darasa la nane, anasoma miaka minne, anatoka na diploma ya A2. Kuna pia ISTM (Institut Supérieur des Techniques Médicales), inayompokea mwenye diploma ya Serikali. Zamani alitoka na gradua ya miaka mitatu, yaani A1, na tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) uanze mwaka wa masomo 2021-2022, anafuata lisansi. ITM inavutia kwa sababu ni fupi. Kijana anaanza kazi wakati wenzake wa umri wake bado wanahangaikia chuo.

Lakini minerval haiji peke yake. Kuna bluzi nyeupe ya muuguzi, glavu, kipimajoto, kipima presha, gharama za mitihani, na kodi ya chumba kwa anayetoka Kabongo au Malemba-Nkulu. Kuna daftari la staji, yaani mafunzo ya vitendo, ambamo msimamizi anatia sahihi kila kazi aliyoona mwanafunzi akiifanya: sindano, kidonda, uzazi. Ili daftari lijae, mwanafunzi anakesha wodini bila malipo, na huko nyumbani shamba la mihogo limekosa mikono yake. Gharama hiyo haina risiti, ndiyo maana wazazi wengi hawaihesabu.

Sasa tuangalie faida, na tuanzie kituo cha afya mwisho wa mwezi. Daftari la mapato linafunguliwa mezani, fedha walizolipa wagonjwa zinahesabiwa. Za dawa zinatengwa kwanza, maana kituo kisicho na dawa hakipati wagonjwa. Sehemu nyingine inakwenda ofisi kuu ya zone ya afya. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa: muuguzi titulaire, yaani mkuu wa kituo, fungu kubwa, wenzake kidogo, mfanya usafi kidogo zaidi. Mwezi wa kwanza na wa pili, mvua ikinyesha na mahindi mapya bado shambani, malaria inajaza benchi la kusubiria, lakini wagonjwa hawana kitu mfukoni. Kazi inaongezeka, mgao unapungua.

Mtasema: na Serikali je? Serikali hulipa mshahara na posho ya hatari ya kazi, ila kwa wale walioingia kwenye orodha zake. Wapo wanaopata posho bila mshahara. Wapo wengi wasiopata chochote, na bado zamu ya usiku wanaifanya. Kwa mfano tu, tuseme masomo yote yamekula dola 800, kisha kijana akafanya kazi miaka mitatu kwa mgao wa kituo peke yake, akilishwa na wazazi. Miaka hiyo mitatu inaweza kuwa ghali kuliko shule nzima.

Pesa nzuri zaidi, tusifichane, mara nyingi inatoka pembeni. Haut-Lomami imeandamwa na polio itokanayo na virusi vya chanjo, na kipindupindu hakikomi kwenye maziwa ya Upemba. Kampeni zikija, zinakuja na posho za siku. Wengine wanafungua zahanati zao. Wengine wanapanda treni kwenda Lubumbashi, wakitafuta kliniki za mji, na huko mwenye A2 anakutana na foleni ya wenye A1.

Hata Marekani wanapiga hesabu hiyohiyo. Msaidizi wa tabibu (medical assistant) anaweza kusoma takribani mwaka mmoja apate cheti, au miaka miwili apate digrii ndogo ya chuo cha jamii. Mshahara wa kati wa kazi hiyo mwaka 2024 ulizidi kidogo dola 44,000. Swali lao ni kama mwaka wa ziada unaongeza mshahara. Letu linatangulia hilo: mshahara wenyewe upo?

Hapa kwetu kuna wakati hesabu hii ililipa vizuri mno. Chini ya Wabelgiji, Mkongo aliyependa utabibu kwa kawaida aliishia kuwa assistant médical, yaani msaidizi wa daktari. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo. Shirika la Afya Duniani likapeleka makumi ya wasaidizi hao Ufaransa, wakarudi madaktari. Wazazi bado wanaiota bahati ya namna hiyo, lakini ilitokana na pengo ambalo leo limekwisha kujaa vijana wenye diploma.

Kwa maoni yangu, A2 inafaa kwa kijana mwenye shamba na anayekubali kukaa kijijini, kwa sababu mahindi yatamlisha wakati mgao umekauka. Anayeutaka mji, bora familia isubiri, kijana amalize sekondari ya kawaida, kisha ifikirie ISTM. Na kabla ya kulipa fungu la kwanza, mzazi aende kituo cha afya cha jirani, ampite titulaire, amtafute muuguzi aliyeingia mwisho. Amwulize polepole: mwanangu, tangu uanze hapa, nani amekulipa, na mara ngapi?