Mabaki Hayatupwi

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mambo madogo: sindano na uzi, vipande vya nguo kuukuu, na bustani iliyo nyuma ya jiko. Huenda mtu atasema, "Mwalimu leo amekosa maneno, haya ni mambo ya wanawake na watoto." Mimi mwenyewe nalisema hivyo zamani. Nawaomba mnisikilize kwanza, nami nitawaelezeni jinsi nilivyofundishwa.

Nilipoanza kazi ya ualimu nalipenda sana usafi na utaratibu. Kila Jumatatu asubuhi naliwakagua watoto mstarini, kucha zao, nywele zao na nguo zao. Siku moja nalimwona mvulana mmoja ambaye shati lake limechanika mgongoni. Nalimwambia mbele ya wenziwe, "Nenda nyumbani, wala usirudi mpaka umevaa nguo nzima." Akaenda. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nalidhani ni mvivu. Wiki nyingi zilipita, ndipo nilipopitia kwao, nikamkuta anachunga mbuzi. Mama yake alinikaribisha kwa heshima, akasema, "Mwalimu, ulimwambia asirudi ila kwa nguo nzima. Baba yake yu mbali kutafuta kazi, na fedha ya shati jipya hatuna. Twangoja kuuza mahindi."

Shati lile lilikuwa limeanikwa uani, safi kabisa. Tundu lake halikuzidi kiganja cha mkono. Kwa mtu ajuaye sindano ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini mama hakujua, mtoto hakujua, nami niliyemfukuza sikujua. Mahindi yalipouzwa mtihani ulikuwa umekwisha pita, na mtoto yule alikaa darasa lile lile mwaka wa pili, wenziwe wakamtangulia. Mwaka ule sikuweza kumrudishia. Jambo moja tu naliliweza: nalikwenda kwa mzee mmoja, fundi wa cherehani, nikaketi barazani pake, nikamwomba anifundishe kutia kiraka. Alicheka, kisha akanipa sindano.

Haya ndiyo aliyonifundisha. Kwanza, fua nguo iliyochanika, kisha iinue mbele ya mwanga wa jua. Utaona kuwa kandokando ya tundu nguo imekuwa nyembamba. Kiraka lazima kifike mpaka penye nguo nzima yenye nguvu, la sivyo kitang'oka pamoja na ule wembamba. Pili, chagua kitambaa ambacho kimekwisha kufuliwa mara nyingi. Kitambaa kipya hupungua kikifuliwa, nacho kikipungua huivuta nguo kuukuu, na tundu huwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Jambo hili limetajwa hata katika Injili, maana watu wa kale walilijua vema. Tatu, tazama nyuzi. Kila nguo iliyofumwa kwa mtambo ina nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Weka kiraka ili nyuzi zake zifuate njia moja na nyuzi za nguo, nacho kitalala kimya, hakitajikunja.

Sasa kata kiraka cha mraba kilicho kikubwa kuliko tundu na ule wembamba wake. Kunja kingo zake, kiweke ndani ya nguo, ukipige bandi kwa mishono mirefu ili kisihame, ndipo ukishone kando zote kwa mishono midogo. Kisha igeuze nguo. Kwa nje, kata zile nyuzi zilizochanika mpaka tundu liwe la mraba, chanja pembe zake kidogo, kunja kingo kwa ndani, ukazishone juu ya kiraka. Mwisho ng'oa bandi. Kwa njia hii hakuna ukingo uliobaki wazi, ndani wala nje, na nguo yaweza kufuliwa miezi mingi. Usiwe na uzi mrefu kupita mkono wako, kwa maana uzi mrefu hujifunga fundo. Na kama sindano yakuchoma, vaa subana kidoleni.

Nilipojua kushona kiraka kimoja, nalianza kujiuliza juu ya vipande vyote tunavyovitupa. Kiraka huokoa nguo moja. Lakini nguo zilizokwisha kabisa, je, hazina faida? Hapa yafaa niwakumbushe habari ya kale. Wazee wetu walivaa nguo ngumu ya pamba iliyoitwa marekani. Jina lile lilitokana na nchi ilikotoka. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, na merikebu kutoka mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta nguo, zikachukua pembe za ndovu na sandarusi. Nguo zile zilifumwa katika viwanda vya kaskazini ya nchi ile, bali pamba yake ilitoka kusini, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa weusi.

Basi katika jimbo moja la kusini, Mto Alabama wapinda kama kiwiko cha mkono, na ndani ya pindo lile pana kijiji kijulikanacho kwa jina la Gee's Bend. Wengi wa wakaao huko ni wazao wa watumwa waliolima pamba mahali pale pale. Utumwa ulikomeshwa katika nchi yote ya Marekani mwaka 1865, lakini umaskini haukukoma siku ile. Watu waliendelea kulima ardhi ya wengine, na wakati wa baridi upepo uliingia katika nyumba zao. Wanawake wakakusanya suruali na mashati ya shamba yaliyochakaa, wakakata sehemu zilizobaki nzima, wakaziunga kipande kwa kipande mpaka zikatosha kitanda. Chini wakaweka nguo nyingine, katikati wakatandika pamba, wakazishona zote tatu pamoja kwa mishono ipitayo juu hata chini. Huo ndio mfarishi. Ile pamba ya katikati huzuia joto la mwili lisitoke, na mishono huizuia pamba isijikusanye upande mmoja.

Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa huko, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Alizichukua nguo alizovaa marehemu shambani, akazishona mfarishi, apate kujifunika na kumkumbuka. Binti yake, aliyemsaidia kazi ile, aliisimulia habari hii katika uzee wake. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji kile ilitundikwa katika jumba la sanaa la mji wa Houston, na baadaye New York, watu wakaja kuitazama kama watazamavyo picha za mafundi wakubwa. Na mwaka 2006 serikali ya Marekani ilitoa stempu za barua zenye sura ya mifarishi hiyo. Wale walioishona hawakutafuta sifa. Walitaka watoto wao wasilale kwa baridi.

Wala pwani yetu si wageni wa kazi ya kuunga. Husimuliwa kwamba karibu na mwisho wa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, yaani vitambaa vya mkononi vilivyokuja vimeshikana katika jora. Wakakata sita, tatu juu na tatu chini, wakaziunga, wakapata vazi moja la kupendeza. Wafanya biashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo iliyokwisha kupigwa chapa nzima. Ndiyo asili ya kanga, na mpaka leo wengi wa Mombasa na Lamu huiita leso.

Watu wa nchi za baridi, kama wale wa miteremko ya Kilimanjaro na wa Njombe, wanajua zaidi kazi ya sufu. Nguo iliyofumwa kwa sindano mbili ndefu haina nyuzi za urefu na za upana. Ni uzi mmoja tu, vitanzi vilivyopitishwa ndani ya vitanzi, na kwa hiyo hunyumbuka. Kwa sababu hiyo hiyo, kitanzi kimoja kikikatika, kile cha chini yake huachia, na cha chini tena, mpaka sweta lina njia kutoka kifuani hata tumboni. Waliosema "usipoziba ufa utajenga ukuta" walisema kweli hata kwa sweta. Lakini udhaifu huu una faida yake. Sweta lililomkaza mtoto laweza kufumuliwa lote. Zungusha uzi wake katika mgongo wa kiti, ufunge mahali panne, uuoshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha utundike kivulini ukiwa na uzito mdogo chini yake ili mikunjo inyoke. Ukikauka, ufume tena: sweta la mkubwa litatoa kofia na soksi za wadogo. Asiye na sindano za dukani aweza kuchonga za mwanzi na kuzilainisha, au kusugua ncha za spoku za baiskeli.

Sasa tutoke nje, twende nyuma ya jiko. Huko nako kuna mabaki: maganda ya ndizi na mihogo, majani, na maji yaliyooshea mchele. Chimba shimo lenye kina cha goti. Tandika majani makavu, juu yake maganda na majani mabichi, juu yake samadi kidogo au udongo, kisha uanze tena. Usitie nyama wala mifupa, kwa kuwa huwaita panya na mbwa. Nyunyiza maji kama ni pakavu, ufunike kwa majani ya mgomba. Kila baada ya wiki chache geuza yaliyo juu yawe chini, ili hewa iingie. Baada ya miezi mitatu hivi, au zaidi kidogo penye baridi, utakuta mbolea nyeusi yenye harufu ya udongo wa msituni.

Tia mbolea hiyo katika tuta dogo. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, basi zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga, zisirundikane mahali pamoja. Baada ya muda wa mwezi mmoja hivi waweza kuanza kuchuma. Kata kilele, nao utachipua pembeni. Kando yake panda kunde. Mizizi yake ina vifundo vidogo vyenye vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuufanya kuwa chakula cha mmea. Na majani haya ya kijani yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa hushindwa kuona jioni, na akizidi kuikosa aweza kupofuka. Pika mboga kwa mafuta kidogo, au tui la nazi, au karanga, maana mafuta huusaidia mwili kuipokea. Yaani maganda yaliyokuwa yakitupwa njiani yaweza kulinda macho ya mtoto.

Pengine mtu atauliza, "Kazi hizi zote nitazifanya saa ngapi?" Nami najibu kwamba wakati nao una mabaki yake. Ni ile nusu saa ya kungoja chungu kichemke, ni yale mazungumzo ya jioni barazani, mdomo wazungumza na mikono i kimya. Mshono haukatazi hadithi. Wala wanaume wasiseme kuwa haiwahusu. Ni nani ashonaye tanga la jahazi, kama si baharia? Na mafundi wa cherehani katika baraza za miji yetu, je, si wanaume wengi? Kofia ya viua ivaliwayo siku ya Idi ina mamia ya matundu madogo yaliyozungushiwa uzi kwa mkono, na hakuna aivaaye akaona haya kwa sababu ya sindano.

Katika chuo ninachofundisha sasa, naomba kila mwalimu mwanafunzi, mume kwa mke, ajue kushona kiraka kabla hajaondoka. Tena kila darasa liwe na sanduku dogo lenye sindano, uzi, mkasi na vipande vya nguo. Mtoto akija na shati lililochanika, asirudishwe nyumbani. Apewe sindano wakati wa mapumziko, na mwalimu aketi naye.

Nanyi mnaonisikiliza, nawapeni kazi moja. Kesho tazameni nyumbani mwenu mpate kitu kimoja kilichochanika ambacho mlikuwa karibu kukitupa, mkishone. Na mkimwona mtoto shuleni amevaa kiraka, msimcheke. Kiraka kile chasema kuwa nyumbani kwao yuko mtu aliyeketi nusu saa kwa ajili yake.

Kwaherini.